Mwali na Shule Mbili

Jumapili, 9 Novemba 1997
Kwa jina la Mola aliyefundisha kwa kalamu, naanza. Daftari hili mwanangu Sabra alilibakiza alipomaliza darasa la saba, kurasa nyingi tupu, nikaona uchungu kulifanya la kufungia maandazi. Mimi nilifika darasa la nne na nikahitimu msahafu, basi, ila mwandiko wangu unasomeka.

Mvua leo tangu alfajiri. Redio wanaiita Elnino. Mama mkwe kauliza huyo Elnino ni mtoto wa nani.

Ndani ya nyumba hakuna mazungumzo ila shule ya Sabra. Mtihani kafanya, majina hayajatoka. Mume wangu Mshamu anasema tungoje serikali. Kaka yake, shemeji Sadala, mwenye duka Kibiti, anayenunua kamba kule Salale na kuwapeleka Dar, anasema serikali ya siku hizi haingojwi, kila kitu sasa ni cha watu binafsi, mabasi, maduka, hata shule. Ipo moja Mbagala, ina bweni, na atalipa yeye.

"Kwa nini ulipe wewe, Kaka?" Mshamu kamuuliza.

"Kwa nini nisilipe?"

Ndipo walipofika, na ndipo wanapofika kila siku.

Alhamisi, 13 Novemba
Tumemaliza kusafisha shamba la bondeni. Nguruwe wameshapita kukagua.

Jumatano, 19 Novemba
Leo nimeiona hiyo shule ya Mbagala. Sisi nyumbani tunaiita shule ya Sadala. Tumekwenda kwa pikapu yake, mimi mbele na baibui langu zuri, na harufu ya kamba imenisindikiza mpaka ofisini kwa mkuu wa shule.

Mkuu wa shule kavaa tai. Kila neno la pili Kiingereza, na shemeji kila mara anaitikia "yesi", hata alipoulizwa mtoto ana umri gani. Nimejikaza nisicheke.

Lakini nisiseme uongo, shule imenivutia. Ukuta mrefu, geti la chuma, mlinzi mwenye kofia, vitanda vya ghorofa vimetandikwa. Nimelitazama lile geti mpaka shemeji kaniuliza kama nataka kulinunua. Mama mwenye mtoto wa kike akiona geti hahitaji kuelezwa na mtu.

Adhuhuri nimeomba pa kuswalia. Matroni kanipeleka stoo ya magodoro, nikawakuta wasichana watatu wanaswali humo. Mmoja ni wa kwetu huku, wa Ikwiriri. Kafurahi kunisikia ninavyosema. Nikamuuliza kama wanasoma vizuri.

"Tunasoma, mama. Mwalimu wa hisabati ndiye tunamngoja, kaondoka muhula uliopita. Lakini wali upo kila Ijumaa."

Kayasema anacheka, mtoto wa watu, mzima, kanawiri.

Nyumbani nimesimulia geti. Ya mwalimu wa hisabati nimeyaweka akiba.

Ijumaa, 28 Novemba
Tumepanda mpunga. Mungu atie baraka.

Jumamosi, 6 Desemba
Mama mkwe, Bibi Sijaona, kanifuata jikoni asubuhi, kasimama mlangoni na fimbo yake, kashusha sauti.

"Mke mwenzangu kakua."

Ndivyo anavyomwita Sabra, mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nikaelewa. Mtoto kavunja ungo. Kamwambia bibi yake, hakuniambia mimi, na ndivyo inavyotakiwa. Kwetu mambo hayo mama hayaulizi wala hayaelezi. Yana wenyewe, bibi yake na somo atakayechaguliwa kumfunda.

Nimegeuzia uso moto nikasingizia moshi. Juzi tu nilikuwa nambeba mgongoni kuvuka maji ya bondeni.

Basi Sabra sasa ni mwali. Kaingizwa chumba cha bibi yake, pazia limeshushwa, hatoki, haonekani na wanaume, hata baba yake. Na mwali wa kwetu hutolewa baada ya mavuno, ghala likiwa na mpunga wa kulisha wageni. Mavuno ni Juni au Julai. Nimehesabu miezi kimyakimya huku nakoroga uji.

Ijumaa, 12 Desemba
Siku ndefu, acha niandike yote.

Mwalimu Kristina kaja mchana na mwavuli uliopinduka. Ni mwalimu wa darasa la Sabra, mtu wa Njombe, Mkristo, kakaa nasi hapa Mtawanya miaka sasa na pweza kashazoea kula. Kabla hajaketi kasema:

"Mama Sabra, jina limetoka."

Serikali imemchagua Sabra kidato cha kwanza, shule ya Utete. Wasichana wawili tu katika shule yetu nzima, yeye na binti wa karani. Mshamu katoka katika mvua, kaenda kusoma ubaoni mwenyewe, karudi maji yanamchuruzika, kavaa kanzu ya Ijumaa ya pili maana ya kwanza imelowa, kaketi barazani kama bwana harusi. Kila apitaye anamwambia habari za mvua kwanza, halafu, "Na mtoto kachaguliwa."

Nimeshukuru Mungu kwa rakaa mbili. Halafu hofu ikaniingia. Shule ile ni ya kutwa, haina bweni. Watoto wa mbali wanapanga vyumba mjini, wenyewe wanaviita mageto, wanajipikia, wanajilinda. Binti wa jirani yetu alipanga hivyo, mji mwingine huko. Alirudi na tumbo, na masomo yakaishia hapo. Mama yake mpaka leo akipishana na wanafunzi njiani anainamisha kichwa.

Nikamwambia mume wangu, "Baba Sabra, mimi nataka lile geti."

"Wewe unataka geti. Mtoto anataka shule."

"Kakwambia?"

Akanyamaza, maana kwa mwali haendi.

Kisha mama mkwe, ambaye sikumtarajia hata kidogo, katoa sauti kutoka ndani kwake. "Hiyo ya serikali inafungua lini?"

Mwalimu Kristina kamjibu, "Baada ya Idi, Bibi. Asiyeripoti katika wiki mbili, nafasi anapewa mwingine."

"Na ya Sadala?"

"Za binafsi zinapokea wakati wowote. Hata Julai."

"Basi aende ya Sadala. Ina adabu. Inangoja."

Miaka yote nimeolewa nyumba hii nikidhani bibi huyu ni adui wa shule. Kumbe si adui, mradi shule isimwingilie mwali wake. Leo mimi na yeye tuko upande mmoja, na Mshamu peke yake na kanzu yake.

Jumapili, 14 Desemba
Mvua. Vyoo viwili vya jirani vimeanguka.

Jumapili, 21 Desemba
Mwalimu Kristina katoka kanisani kapitia kwetu. Yeye mwanamke, anaruhusiwa kuingia kwa mwali. Sasa anakuja kila baada ya siku chache na kitabu, anamfundisha Sabra Kiingereza mle gizani, ili asianze sekondari yoyote mtupu. Bibi kakubali kwa sharti awepo na yeye. Sasa nasikia sauti tatu: Mwalimu anasema, Sabra anafuata kwa kunong'ona kama mwali anavyotakiwa, na mama mkwe anafuata kwa nguvu zote, "Wani, tuu, thrii." Leo kaja jikoni kuniomba chumvi, akaniambia kwa Kiingereza ni soliti. Hakutaka chumvi.

Mwalimu alipotoka nikamsindikiza mpaka njiani, nikamuuliza kama mtu wangu wa siri, angekuwa wake angempeleka wapi.

"Mama Sabra, mimi nimesoma bweni na mdogo wangu kasoma kutwa. Yeye sasa ni mganga wa hospitali, mimi hapa nakimbizana na mbuzi wenu darasani. Angalia walimu, na angalia mtoto jioni analala wapi. Hayo mawili tu."

Walimu, Utete wapo, kanihakikishia. Pa kulala, Mbagala papo. Kila shule ina nusu yake. Ndipo nikamtolea Mshamu ile akiba yangu ya mwalimu wa hisabati. Hakunilaumu. Kacheka, akasema, "Kumbe geti linamlinda nani, kama mwalimu katoroka?"

Jumamosi, 27 Desemba
Maji yamechukua shamba. Tulikwenda asubuhi kutazama, hatukuona shamba, tuliona ziwa. Dungu letu, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kulinda mpunga, limesimama katikati ya maji miguu imezama, na ndege mmoja mweupe juu yake kama mwenye nyumba. Mbegu yote imekwenda.

Mshamu kavua kofia, kasema alhamdulilahi, tuko wazima. Nikasema amina. Tope lililobaki litakuwa zuri, tutapanda tena maji yakishuka. Njiani kurudi tulikamata kambare watatu barabarani. Barabarani nasema, si mtoni.

Jumatano, 31 Desemba
Mwezi umeandama. Tumefunga.

Jumatatu, 5 Januari 1998
Funga ya mvua haina kiu. Barabara ya Dar imekatika, magari yamelala Kibiti. Shemeji Sadala kamba wake wamemwozea, kawamwaga.

Alhamisi, 8 Januari
Shemeji kafuturu kwetu leo. Kaleta tende na sukari, na maneno yake amekuja nayo yamepangwa. Tumeketi wote, mama mkwe mlangoni kwake nusu ndani nusu nje, mwali nyuma ya pazia anasikia.

Shemeji kasema mkuu wa shule ya Mbagala kashika nafasi. Likizo Sabra asihangaike na barabara, atakuwa kwake, mkewe yuko palepale Mbagala, chumba cha mtoto keshakipaka rangi.

"Chumba cha mtoto gani?" Mshamu kauliza.

"Cha Sabra. Rangi ya samawati."

Nikamtazama shemeji. Mimi siku zote nimemwona mtu wa kujionesha, pikapu, saa ya mkononi, yesi yake. Leo nimeona ndevu zina mvi, na mtu wa umri ule kapaka rangi chumba ambacho hakuna wa kulala. Yeye na mkewe Mungu hajawajalia. Sisi tunajua na hatusemi.

Mama mkwe kauliza taratibu, "Na somo wake atakuwa nani? Mwali hafundwi na ukuta."

"Si mke wangu yupo, Mama. Atamfunda hukohuko. Siku hizi mjini wanafanya kwa siku mbili, yanakwisha."

Mama mkwe hakujibu. Kachukua kikombe chake cha uji, karudi ndani, pazia likaanguka nyuma yake. Shemeji akaendelea kuongea akidhani kakubaliwa. Mimi ninakijua kimya kile. Ndicho alichoninyamazia mwaka nilioleta cherehani.

Ijumaa, 9 Januari
Baada ya alfajiri mama mkwe kaniita. Mara ya kwanza tangu Desemba kuniingiza kwa mwali. Sabra kaketi kwenye mkeka, mweupe kidogo kwa kukosa jua, macho chini, kitabu cha Mwalimu chini ya goti. Nikakaa mbali kama inavyotakiwa.

"Siku mbili," mama mkwe kasema. "Umemsikia? Mke mwenzangu afundwe siku mbili na mwanamke nisiyemfunda mimi."

"Nimemsikia, Mama."

"Utete yuko Siwatu."

Siwatu namfahamu. Mjane, ana nyumba yake ya udongo karibu na boma, anapika vitumbua vya wauguzi. Mama mkwe ndiye aliyemfunda zamani, na Siwatu kila mwaka humletea khanga na kumwangukia miguuni. Ulimi wake mkali, vijana wa Utete wanabadili njia wakimwona.

"Siwatu ndiye atakuwa somo wake. Mwali hukaa kwa somo, hakuna atakayesema neno. Atalala kwake, atakula kwake, asubuhi ataenda hiyo shule. Jioni asiporudi kwa wakati, Siwatu atamfuata na mwiko."

"Na mavuno, Mama? Si ulitaka mwali atoke baada ya mavuno?"

"Mavuno gani, wewe? Umeona mpunga wapi?"

Ndipo kwa pembe ya jicho nikaona bega la Sabra linatikisika. Anacheka. Bibi kampiga kofi dogo la paja. "Mwali hacheki." Na yeye mwenyewe anacheka.

Sikuwa na haki ya kumuuliza mtoto kitu katika chumba kile. Nikamuuliza bibi yake, nikimtazama bibi yake. "Na mwali mwenyewe, kaonaje?"

Sabra akanong'ona kwenye mkeka, "Utete wana mwalimu wa hisabati?"

"Wanaye," nikauambia ukuta.

"Basi."

Nimetoka pale mwepesi. Lile geti nililolililia, kumbe lina jina, linaitwa Siwatu.

Jumapili, 11 Januari
Mshamu kaambiwa habari ya Siwatu, kavaa tena ile kanzu.

Jumamosi, 17 Januari
Siwatu kaja mwenyewe, kavuka mto kwa mtumbwi maana kivuko kimesimama. Kaingia kwa mwali, wamefunga mlango kutwa. Alipotoka kaniambia, "Mwanao anauliza maswali mengi. Nitamzoea." Kisha kwenye futari kaniuliza tumepata wapi kambare wazuri hivi, nikamwambia barabarani, hakuniamini.

Jumanne, 20 Januari
Mshamu kaenda Kibiti kumwambia kaka yake. Karudi mapema. Shemeji kasikiliza mpaka mwisho, kasema "sawa," kaingia dukani kwake, hakutoka tena.

Jumatano, 21 Januari
Nimekwenda mimi. Mshamu hakunituma. Shemeji nimemkuta kwenye pipa la barafu tupu, anaangalia barabara isiyo na gari.

"Shemeji, umekasirika?"

"Sijakasirika, mke wa ndugu yangu."

Nikakaa juu ya kreti. Tuko na saumu, jua limechomoza kidogo, tukatazama mbuzi wanapita.

"Niliwaambia watu wa kamba," kasema. "Kule Salale, na wale wa kiwandani. Niliwaambia nina mtoto anaingia sekondari. Wakaniuliza, Sadala, tangu lini una mtoto? Nikawaambia ninaye. Sasa wakiniuliza yuko Mbagala wapi, nitawaambia nini?"

"Waambie yuko Utete."

"Huko si kwangu. Sijaweka hata msumari."

Nimemwambia lile nililokuwa nalo, kwamba Sabra tangu anajua kusema anamwita baba, hajawahi kumwita ami, na kwamba mtumbwi wa kwenda Utete ni hatari, mto umejaa, na Mshamu hajui maji. Shemeji kaishi kwenye maji ya Salale tangu ujana.

Kaangalia pipa lake. "Mshamu hajui maji kabisa," kasema.

"Hajui."

"Mnaondoka lini?"

Jumapili, 25 Januari
Maji yanashuka. Tope jeusi, laini kama unga uliokandwa. Tumepanda upya kipande cha juu.

Ijumaa, 30 Januari
Idi. Mungu atutakabalie. Wali, kuku mmoja, na kamba ndoo nzima kutoka kwa shemeji, wa leo, wabichi.

Jumamosi, 31 Januari
Mwali katoka, mafunzo yaliyobaki Siwatu atayamalizia kwake. Ngoma ndogo ya wanawake, uani, tope mpaka visiginoni. Kafunikwa khanga mpya, kaketishwa mkekani, kisha bibi yake kamfunua. Mwanamke mzima katutazama, na ni yuleyule wangu. Baba yake karuhusiwa kumwona, kasimama mbali, kasema, "Umerefuka."

Mwalimu Kristina kacheza kuliko wenyeji. Mama mkwe kamwambia kwa Kiingereza, mbele ya watu wote, "Veri gudi."

Jumatatu, 2 Februari
Utete. Nimechoka, lakini nisipoandika leo nitasahau mengine.

Tumevuka asubuhi, mto mpana kama bahari lakini mtulivu. Shemeji kakaa nyuma na mwenye mtumbwi, kila gogo likija analiona yeye kwanza. Mshamu kashika ubao kwa mikono miwili na kusoma aya zote anazozijua. Sabra katikati juu ya sanduku la bati, jipya, la shemeji. Shemeji hajasema ni la nani. Kalileta tu.

Siwatu katupokea na vitumbua, kamwonesha Sabra kitanda na msumari wa kutundika sare. Kisha shuleni. Watoto wengi, wazazi wengi, tope limepakwa kuta zote. Mwalimu kijana kwenye meza katika kibaraza chembamba anaandikisha.

"Sabra Mshamu. Baba wa mtoto yupo?"

"Nipo," kasema Mshamu.

"Nipo," kasema shemeji, wakati uleule, na papo hapo akarudi nyuma hatua, kajikohoza, kaanza kutazama paa.

Mwalimu kawatazama wote wawili. "Baba ni yupi? Akitakiwa na shule, nimwite nani?"

Mshamu hakuharakisha. Ni mtu aliyevaa kanzu ile kwa ajili ya siku hii tangu Desemba. Kamshika kaka yake mkono, kamvuta mbele ya meza.

"Mwite huyu. Ndiye mkubwa. Mimi nipo shamba, hanipati mtu."

"Jina, mzee?"

Sabra ndiye aliyemjibia, kwa sauti yake kamili, si ya mwali tena. "Sadala. Baba yangu mkubwa. Kibiti kila mtu anamjua."

Nimejifanya nafunga ukaya kichwani.

Tumemwacha mlangoni kwa Siwatu saa za alasiri. Hakulia, mimi nimelia kidogo, Siwatu kanifukuza. Kurudi, mtumbwi umekuwa mwepesi. Katikati ya mto mwenye mtumbwi, si yule wa asubuhi, kamuuliza shemeji, kwa kuongea tu, tumetoka kumpeleka nani.

"Mwanangu," shemeji kasema. "Kaanza sekondari."

Mshamu alikuwa anakamua maji kwenye pindo la kanzu. Hakuinua kichwa.

"Ndiyo," kasema. "Kaanza leo."